Dawa za asili za kufukuza mbu nje ya nyumba: zinazostahili fedha zako Nairobi, na zisizostahili

Mtu anayeingia katika duka la bidhaa za mitishamba jijini Nairobi na kuomba kitu cha kufukuza mbu kisicho na kemikali kali ataonyeshwa rafu nzima: mishumaa ya mchaichai, bangili za mpira zilizotiwa mafuta, chupa ndogo za mafuta ya mkaratusi, mafuta ya mwarobaini, losheni, na dawa za kuchoma zenye picha ya ua la pareto. Bidhaa hizi zote huuzwa kwa sifa moja tu, kwamba zimetoka katika mmea, na kwa sababu hiyo wanunuzi wengi huziona kuwa ndugu wa tumbo moja. Nimezitumia kwa muda mrefu barazani, bustanini na kwenye matembezi ya msituni, na nimefikia uamuzi kwamba umbali uliopo kati ya bidhaa ya mimea iliyo bora na ile iliyo dhaifu ni mkubwa kuliko umbali uliopo kati ya dawa za mimea na dawa za viwandani. Baadhi yake zinafanya kazi kweli, na nyingine hazifai hata kupewa nafasi mezani.

Ili kuzipima kwa haki, ni lazima kwanza tumjue mbu mwenyewe. Nairobi imekaa juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake humnyima mbu wa malaria nafasi ya kustawi kama anavyostawi Pwani au kandokando ya Ziwa Victoria. Anayetusumbua zaidi hapa ni Culex, yule mbu wa rangi ya hudhurungi anayevuma sikioni gizani, ambaye huzaliana katika maji machafu ya mitaro iliyoziba, mashimo ya majitaka na vyoo vya shimo. Huongezeka baada ya mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba, na hupungua katika baridi ya Julai. Ni mbu jike peke yake anayeuma, na humfikia mtu kwa kufuata hewa ya kaboni anayoitoa akipumua, joto la mwili wake na harufu ya ngozi na jasho.

Dawa ya kufukuza haimuui mbu huyo. Inachofanya ni kuvuruga uwezo wake wa kunusa ili asiweze kumtambua mtu aliye karibu, na harufu hiyo ikishatoweka hewani, ulinzi nao umekwisha. Hapo ndipo ulipo udhaifu wa mafuta mengi ya mimea, kwa kuwa ule wepesi wa kupaa unaoyafanya yanukie vizuri chupa inapofunguliwa ndio huohuo unaoyaondoa ngozini baada ya muda mfupi. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi, kabla ya kuuliza bei na kabla ya kunusa, linapaswa kuwa hili: inadumu kwa muda gani?

Kwa kipimo hicho, losheni ya mkaratusi wenye harufu ya ndimu naipa nafasi ya kwanza bila kusita. Mti wenyewe, ambao wataalamu huuita Corymbia citriodora, asili yake ni Australia, lakini umepandwa katika nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo, na anayetaka kuutambua autazame kwa shina lake laini lenye weupe kisha asugue jani moja kati ya vidole. Jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi ni kwamba mafuta ghafi yaliyokamuliwa kutoka katika majani mabichi ya mti huu na losheni inayopendekezwa na wataalamu wa afya ni vitu viwili tofauti. Sehemu kubwa ya mafuta ghafi ni sitronelali, ambayo hunukia sana na kupaa haraka. Kinachofukuza mbu kwa saa nyingi ni kiungo kingine kiitwacho PMD, ambacho katika jani bichi ni haba, huongezeka jani linapozeeka, na viwandani hupatikana kwa kuyageuza yale mafuta ghafi kwa asidi. PMD haina haraka ya kupaa. Ndiyo maana taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilipoiongeza dawa hii mwaka 2005 katika orodha ya dawa inazozipendekeza dhidi ya mbu, ilikusudia mafuta yaliyokwisha kubadilishwa, si yale ghafi.

Tofauti hii ina gharama mfukoni. Chupa nyingi zinazoandikwa "mafuta ya mkaratusi" katika maduka yetu hata hazitoki katika mti huu, bali zimetoka katika mikaratusi mingine ambayo mafuta yake hutumika kufungua pua wakati wa mafua. Ni mafuta mazuri kwa kazi hiyo. Katika duka moja la katikati ya jiji nilielezwa kwa uhakika mkubwa kwamba chupa kama hiyo ingenilinda usiku kucha, ilhali kibandiko chake hakikutaja PMD wala kiasi chake, na jioni ileile mbu walinifikia kabla chai haijapoa. Tangu hapo sinunui chupa isiyotaja PMD na asilimia yake. Yenye asilimia 30 hivi hunilinda kwa saa nne au zaidi nikiwa nimetulia, na hupungua nguvu mapema nikiwa natembea na kutoka jasho.

Nimeipaka losheni hiyo katika matembezi ya kando ya mto ndani ya Msitu wa Karura, mahali ambapo majani yamesongamana na upepo haufiki, na pia katika mikutano ya jioni ya familia kule Lang'ata ambako nyasi ni ndefu na mabwawa ya bustani ni mengi. Katika sehemu zote mbili imefanya kazi kwa kiwango kinachokaribia sana dawa zenye DEET, kemikali ya viwandani ya kufukuza mbu, ambazo ndizo kipimo cha zamani cha fani hii tangu zilipobuniwa kwa ajili ya jeshi la Marekani katika miaka ya 1940. Tena haijaniharibia plastiki ya miwani wala mkanda wa saa, jambo ambalo DEET huweza kulifanya. Kasoro zake nazitaja waziwazi: bei yake ni mara kadhaa ya bei ya pakiti ya dawa ya kuchoma, haipatikani katika kila duka la dawa, harufu yake ya kwanza ni kali kwa mtu asiyeizoea, na ikiingia machoni huchoma vibaya. Pia haipendekezwi kwa watoto walio chini ya miaka 3. Anayepaka mafuta ya kujikinga na jua aanze na hayo, ayaache yakauke, ndipo apake losheni juu yake.

Mishumaa ya mchaichai haihitaji maneno mengi. Inapendeza, inanukia, na mikahawa mingi ya bustani huiweka mezani kwa nia njema, lakini kiasi cha mafuta kinachotoka katika mshumaa mmoja mahali pa wazi ni kidogo mno, na upepo mdogo tu hukipeleka kwa jirani. Bangili za mpira ziko katika hali hiyohiyo au mbaya zaidi, kwani hata kama zingefukuza mbu, zingelinda kiganja na kuacha vifundo vya miguu. Majaribio yaliyofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2017 yaliziweka bidhaa za namna hii mbele ya mbu wa homa ya kidingapopo, na mishumaa na bangili hazikuonyesha faida ya maana, huku dawa za kupaka zenye DEET na PMD zikifanya vizuri. Vifaa vya kutoa sauti isiyosikika, pamoja na programu za simu zinazodai kufanya hivyo, navitaja hapa kwa sababu tu huuzwa kwenye rafu zilezile: mapitio ya majaribio 10 yaliyochapishwa mwaka 2007 hayakupata ushahidi wowote kwamba vinamzuia mbu kutua juu ya mtu. Mzazi anayemvalisha mtoto bangili kisha akamwachia miguu wazi ameuziwa utulivu wa moyo peke yake, na jambo hilo linaniudhi kwa dhati.

Mimea yenyewe, ikiwa haijaingia kiwandani, ina habari ndefu na ya kwetu zaidi. Wazee wa Pwani na wa kandokando ya ziwa wamekuwa wakitupa matawi ya kivumbasi juu ya makaa jioni tangu zamani, na desturi hiyo haikubaki simulizi tu. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, ambacho makao yake makuu yako Kasarani hapa Nairobi na ambacho kilianzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kina kituo kingine Mbita kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, na huko watafiti waliijaribu mimea hii mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kuilinganisha katika hali tatu: ikiwa hai ndani ya chungu, ikiwa inachomwa, na ikiwa inapashwa joto bila kuungua. Mimea hai ya jamii ya mrihani na ya lantana ilipunguza mbu kwa takriban theluthi moja tu. Kupasha majani joto kulitoa matokeo bora zaidi, na majani ya mkaratusi wenye harufu ya ndimu ndiyo yaliyoongoza.

Kwa hiyo anayenunua vyungu vya mchaichai na mrihani kutoka kwa wauza miche wa barabara ya Ngong na kuvipanga kwenye roshani anapata mboga, chai na mapambo, pamoja na ulinzi mdogo usiotosha kumwezesha kukaa nje bila kujipaka kitu. Simkatazi. Ningemshauri tu aondoe vile visahani vinavyokinga maji chini ya vyungu, au avimwage kila baada ya siku chache, kwa sababu katika joto yai la mbu huweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili, na chungu cha dawa kinaweza kugeuka chanzo cha ugonjwa. Lakini penye jiko la nyama choma, majani ya kivumbasi yana nafasi nzuri sana. Yawekwe juu ya bati au sufuria kuukuu pembezoni mwa makaa, mahali yatakapopata joto la kuyatoa mafuta bila kushika moto, na yabadilishwe yakishakauka kabisa. Mbinu hii naipenda kuliko kurusha majani motoni, kwa kuwa moshi wake ni mchache na chakula hakichukui harufu ya kafuri. Haigharimu chochote kwa mwenye shamba, na sokoni fungu lake ni la bei ndogo.

Pareto nayo nina sababu ya kuitazama kwa makini, kwa kuwa kwa miongo mingi ya karne ya 20 Kenya ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa zao hili, lililolimwa Molo, Nyandarua, Kisii na sehemu nyingine za nyanda za juu. Ua hilo jeupe lenye kitovu cha manjano hubeba pirethrini, ambazo hushambulia neva za mdudu na kumwangusha upesi, kisha huvunjika zenyewe zikipigwa na jua. Sifa hiyo ya pili ni baraka kwa mazingira na kikwazo kwa mtumiaji, kwa sababu dawa ya pareto iliyopulizwa kwenye viti vya bustani asubuhi haitakuwa na nguvu jioni. Wajapani ndio waliotafuta njia ya kuifanya idumu: mwishoni mwa karne ya 19, Eiichiro Ueyama alitengeneza vijiti vya pareto vya kuchoma, na kwa kuwa vijiti viliisha upesi, mke wake Yuki akapendekeza umbo la mzunguko ambalo leo linajulikana katika kila duka la mtaa, linaloungua polepole kwa saa nyingi.

Tatizo ni kwamba dawa nyingi za mzunguko zinazouzwa Nairobi leo hazina pareto hata chembe, ingawa ua limechorwa kwenye boksi. Ndani yake mna kemikali za viwandani zilizoigizwa kutoka kwa pirethrini, na majina yake huishia kwa "-thrini" vilevile: alethrini, transfluthrini, meperfluthrini. Zinafanya kazi, na sisemi zisitumike; nasema mnunuzi anayelipa zaidi kwa ajili ya pareto apewe pareto. Geuza boksi, tafuta mahali palipotajwa dawa yenyewe na kiasi chake, na uangalie namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosajili dawa za wadudu nchini. Boksi lisilo na namba hiyo mimi huliacha dukani.

Kisha kuna moshi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulipima chembe laini zinazotoka katika dawa moja ya mzunguko hadi iishe, ukakuta uzito wake unalingana na wa sigara 75 hadi 137. Kipimo hicho kinanitosha kusema kwamba dawa ya kuchoma, iwe na pareto halisi au isiwe nayo, isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa wala ndani ya hema la watoto. Nje, naikubali kwa masharti: iwekwe upande upepo unakotokea, mbali kidogo na wanaokula, na chini ya usawa wa meza kwa sababu miguu iliyo gizani chini ya viti huumwa zaidi. Mwenye pumu asikalishwe karibu nayo. Kwa mkutano wa watu wengi uani, mbili zilizowekwa pembe tofauti zinasaidia, na bei yake ni ndogo kiasi kwamba hapana bidhaa nyingine inayoshindana nayo.

Mafuta ya mwarobaini nayaweka katikati. Yakichanganywa na mafuta ya nazi hupunguza kuumwa kwa muda, hayana ukali kwa ngozi ya watu wengi, na yanapatikana kwa urahisi katika maduka ya mitishamba, lakini harufu yake inayokaribia ya kitunguu saumu si ya kwenda nayo harusini, na ni lazima kujipaka tena na tena. Yasinywewe kamwe, na watoto wachanga wasipakwe.

Kitu ninachokisifu zaidi baada ya losheni hakitoki katika mmea wala hakiuzwi katika rafu ya mitishamba: ni feni ya kawaida. Mbu ni mrukaji dhaifu, kasi yake haizidi sana kilomita mbili kwa saa, na upepo wa feni ya mezani humshinda kabisa. Zaidi ya hayo, upepo huo husambaza hewa ya kaboni na harufu ya mwili hivyo mbu hapati njia ya kuifuata. Feni moja iliyoelekezwa miguuni mwa watu waliokaa barazani imenipa jioni tulivu kuliko mishumaa yote niliyowahi kuwasha. Nawasihi wenye mikahawa ya bustani kule Karen, Gigiri na Kiambu Road walizingatie hili, kwa kuwa mteja aliyelipa chakula cha jioni nje anastahili zaidi ya mshumaa na pole. Mkahawa mmoja nilioutembelea ulikuwa umefunga feni chini ya paa la makuti, ukaweka taa za manjano na ukafuga samaki katika bwawa lake, na watu walikaa hadi usiku bila kujipiga makofi miguuni. Samaki hula viluwiluwi, na huduma kama hiyo naipa alama zote.

Taa za manjano zina faida nyingine wakati wa mvua, kwa kuwa taa nyeupe kali humvuta yule mdudu mwembamba mwenye mistari ya rangi ya chungwa na nyeusi ambaye Nairobi nzima inamjua kama Nairobi fly. Huyu haumi. Sumu yake imo mwilini, na humchoma mtu pale tu anapompondaponda juu ya ngozi. Hakuna mafuta ya mimea ninayoweza kuyapendekeza dhidi yake. Apeperushwe kwa pumzi au aondolewe kwa karatasi, kisha mahali alipotua paoshwe kwa sabuni na maji. Kwa kupe wa nyasi ndefu, hasa mahali wanapopita ng'ombe na mbwa, PMD husaidia kiasi, lakini kinga ya kutegemewa ni suruali ndefu ya rangi nyepesi iliyochomekwa ndani ya soksi, na kujikagua mwili mzima baada ya kurudi nyumbani, nyuma ya magoti na kwapani zaidi.

Yote niliyoyasema ni kwa ajili ya jioni za Nairobi, ambako kuumwa na mbu kwa kawaida huishia kwenye kujikuna. Msafiri anayetoka hapa kwenda Kisumu, Busia, Siaya au Kilifi anaingia katika nchi ya malaria akiwa na mwili usio na kinga ya kutosha, na kwake kivumbasi na mwarobaini visiwe tegemeo. Alale ndani ya chandarua chenye dawa, amwone daktari mapema kuhusu vidonge vya kujikinga, na abebe losheni ya mkaratusi yenye PMD kwa ajili ya saa za jioni kabla ya kuingia kitandani, akijipaka upya kila baada ya saa nne na mapema zaidi akiwa ametoka jasho au ameoga.